BARUA ILIYOTOKA KWAKO MWENYEWE



Katika likizo iliyopita, sisi watatu wa kilasi ya sita tulikwenda kumtembelea baba mkubwa wa mmoja wetu, ngambo ya Ziwa Kivu. Yeye ni mtunza-feza wa shirika la wakulima wa kahawa. Shirika lilimnunulia ordinatere moja ya mezani, ndiyo watu wa Kenya na Tanzania wanaita kompyuta, kwa kuandika hesabu. Inatumika kwa umeme wa jua. Mzee huyu anajulikana kwa uaminifu. Kilo za kahawa za kila mjane ameziandika, na hakuna mtu aliyelia juu yake hata siku moja.

Jioni ya Siku ya Posho, kiisha kula, alitukaribia akauliza kwa sauti ndogo: «Wanangu, ninyi watu wa masomo, bitcoin inauzwa fasi gani? Na mtu analipa namna gani?»

Tulicheka kidogo, tukawaza kwamba anataka kufanya biashara. Lakini yeye hakucheka. Mama mkubwa alikuwa ametuambia kwamba tangu jana mzee hakula vizuri wala hakulala. Ndipo mwana wake alimwambia kwa heshima: «Baba, kama kuko tatizo, sisi ni watoto wako.» Mzee alinyamaza sana. Kiisha akatupeleka mbele ya ordinatere, akafungula barua moja ya intaneti, ndiyo tunaita imeli, akatoka nje.

Mwenye kuandika barua ile alisema hivi: kwamba ameingia ndani ya ordinatere ya mzee tangu miezi mingi kwa njia ya virusi; kwamba ameona kila kitu; kwamba amempiga picha kwa siri kwa njia ya kamera wakati mzee alipokuwa akitazama filimu za haya; kwamba ana majina ya rafiki zake wote. Alitaka dola 600 kwa bitcoin katika saa 48, kama sivyo atawatumia watu wote picha zile. Na mwisho alileta ushuhuda wake: «Angalia vizuri. Barua hii nimeituma kutoka adresi yako mwenyewe.»

Ilikuwa kweli. Katika mstari wa mtumaji, adresi ilikuwa ya baba mkubwa, herufi kwa herufi. Ni jambo lile ndilo lilimvunja moyo. Alisema nyuma: «Mwizi akisimama njiani akisema ameingia nyumbani kwangu, nitamwita mwongo. Lakini huyu amesema nami kwa kinywa changu mwenyewe.»

Tunaandika habari hii, na mzee mwenyewe ameturuhusu, sababu barua za namna hii zinatembea duniani pote tangu mwaka 2018, na mtu yeyote anaweza kuipata kesho: mzazi wako, mwalimu wako, ao wewe mwenyewe.

ADRESI YA MTUMAJI SI USHUHUDA

Fikiri juu ya barua ya karatasi ambayo unampa shofere wa kamio. Nyuma ya bahasha unaandika jina la mtumaji. Nani atakuzuiza kuandika jina la gavana? Shofere anatazama tu jina la yule anayetumiwa, basi. Jina la mtumaji ni maneno tu yaliyoandikwa na mkono wa mwenye kuandika.

Imeli ilizaliwa vile vile. Mwaka 1971, Ray Tomlinson wa Marekani alituma mesaji ya kwanza kutoka mashini moja kwenda mashini ingine akitumia alama ya @ katika adresi. Mwaka 1982, Jon Postel aliandika kanuni inayoitwa SMTP, ndiyo inayoonyesha namna mashini zinapokezana barua. Wakati ule watu wenye kutumia mitandao ile walikuwa wachache, wengi ni wa vyuo vikubwa na wa serikali, nao walisadikiana. Kanuni ile haikuuliza mtumaji: «Wewe ni nani kweli?» Mashini inasema: barua hii inatoka kwa fulani, inakwenda kwa fulani. Mashini ingine inajibu: vema, lete.

Hata leo SMTP ndiyo inabeba barua zetu. Kwa hiyo mwenye programu ndogo anaweza kuandika katika fasi ya mtumaji adresi yoyote: ya benki, ya prefe wa masomo, ao yako wewe. Hakuingia ndani ya sanduku lako. Hana neno lako la siri. Ameandika tu jina lako juu ya bahasha.

Watu wa intaneti waliona hatari ile, wakaongeza mihuri mitatu. Wa kwanza unaitwa SPF: mwenye jina la mtandao anatangaza mashini gani zina ruhusa ya kutuma barua kwa jina lake. Wa pili ni DKIM, uliowekwa kuwa kanuni mwaka 2007: ni sahihi ya hesabu ambayo mashini ya kweli inatia juu ya barua, na barua ikigeuzwa njiani, sahihi inavunjika. Wa tatu ni DMARC, uliotangazwa mwaka 2012: unalinganisha ile mihuri miwili na jina ambalo msomaji anaona, kiisha unasema barua ya uongo ifanyiwe nini: ipite, itupwe katika sanduku la takataka, ao ikataliwe mlangoni. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanawaomba wale wanaotuma barua mingi sana wawe na mihuri hii yote. Lakini si kila mtu ameiweka vizuri, na barua za uongo zingine zinapita bado.

NAMNA TULIVYOSOMA BARUA YA MZEE

Neno la kwanza tuliloona ni hili: barua haikuwa katika sanduku la kawaida. Ilikuwa katika sanduku la takataka, lile linaloitwa «Spam». Mzee ana desturi ya kupita mule kutafuta barua za wanunuzi wa kahawa zilizopotea. Kumbe mlinzi wa mlango alikuwa ameitupa ile barua mbele, na mzee ndiye aliyeiokota.

Neno la pili, tulifungula kichwa cha barua. Kila barua ya intaneti ina kichwa kilichofichwa, kinachoonyesha njia iliyopita. Katika Gmail kwa mfano, unabonyeza vitone vitatu pembeni ya barua, kiisha «Afficher l'original». Hapo unaona SPF, DKIM na DMARC, na pembeni ya kila moja jibu: PASS maana yake imepita, FAIL maana yake imeanguka. Chini yake kuko mistari inayoanza na neno «Received». Kila posta inayopokea barua inaongeza mstari wake juu, kwa hiyo safari inasomwa kutoka chini kwenda juu. Lakini ujue: mistari ya chini mwongo anaweza kuitunga. Mstari wa kusadikiwa ni ule ulioandikwa na posta yako mwenyewe wakati ilipopokea barua. Kwa barua ya mzee, DMARC ilisema FAIL. Mashini iliyoileta haikuwa na ruhusa ya kusema kwa jina lile.

Neno la tatu, barua haikumwita mzee kwa jina. Haikutaja kahawa, wala shirika, wala mtu mmoja wa jamaa. Mtu aliyekaa ndani ya nyumba yako miezi mingi, angekosa kujua jina lako?

Neno la nne lilitoka kwa mdogo wetu, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa amesimama mlangoni. Aliuliza: «Kamera iko wapi?» Tulitazamana. Ordinatere ile ya mezani haina kamera! Haikuwa nayo hata siku moja. Mzee alikuwa amekaa mbele yake usiku mzima, lakini woga ulimfunga macho. Tulipomwita na kumwonyesha, alishika kichwa kwa mikono miwili, kiisha akacheka mpaka machozi.

Hivi ndivyo kazi ya barua hizi: hawana kitu mikononi. Wanatuma barua moja kwa watu maelfu na maelfu, wakijua kwamba kati yao wachache wataogopa, na kwamba mwenye kuogopa hatauliza mtu sababu ya haya. Haya ndiyo feza yao. Wazee wanasema: mficha ugonjwa, kilio kitamfichua.

MAGONJWA MATATU, DAWA TATU

Wengi wanachanganya mambo matatu. Tuyatenge.

La kwanza: jina la bahasha. Mtu ameandika adresi yako, hakuingia popote. Dawa: usijibu, usilipe, futa. Kama rafiki zako wamepata barua za uongo kwa jina lako, uwajulishe kwa njia ingine, kwa telefoni ao kwa kinywa.

La pili: ufunguo ulioibiwa. Mtu anajua neno lako la siri na anaingia kweli katika sanduku lako. Alama zake: barua ambazo hukuandika katika «Envoyés», barua zinazopotea, taarifa kwamba mtu ameingia kutoka inchi usiyoijua. Lakini kutokuona kitu katika «Envoyés» si ushuhuda kamili, sababu mwizi anaweza kufuta. Kwa hiyo katika Gmail utazame chini ya ukurasa «Détails» za kazi ya mwisho, utazame tena katika «Filtres» na «Transfert» kama hakuna amri ya siri inayotuma barua zako kwa mtu mwingine. Hata ukibadili neno la siri, amri ile inaweza kubaki pale na kuendelea kumpa mwizi barua zako. Dawa: uifute, ubadili neno la siri, na uweke «Validation en deux étapes».

La tatu: mashini yenye ugonjwa. Programu mbaya iko ndani na inafanya kazi yake. Siku ya 4 Mei 2000, virusi iliyoitwa ILOVEYOU ilitoka Ufilipino ikazunguka dunia. Mtu akifungula karatasi iliyofungwa ndani ya barua, virusi ilisoma kitabu chake cha adresi na kujituma yenyewe kwa rafiki zake wote. Angalia vizuri: safari ile adresi haikudanganya. Barua ilitoka kweli kwa rafiki, lakini rafiki mwenyewe hakujua. Kwa hiyo jina la kweli vilevile halitoshi. Ukipata karatasi ambayo hukungoja, uliza mwenyewe mbele ya kuifungula.

Kuko tena jambo moja linalotisha: barua zingine zinaonyesha neno la siri la kweli la mtu. Hilo pia mara nyingi halikutoka katika mashini yake. Linatoka katika wizi wa zamani wa makampuni makubwa. LinkedIn iliibiwa mwaka 2012, na mwaka 2017 Yahoo ilikubali kwamba akaunti zake zote, bilioni 3, ziliguswa na wizi wa mwaka 2013. Adresi na maneno ya siri yanauzwa, waongo wanayanunua. Kama neno lile unalitumia bado mahali popote, ulibadili leo, na usitumie neno moja kwa milango miwili.

TULIVYOPIMA ORDINATERE

Tulijua sasa kwamba barua ni ya uongo. Lakini mzee alisema: «Vema, ila mimi sitalala mpaka mmeipima.» Alikuwa na haki. Tulifanya hivi, nanyi mnaweza kufanya vile vile.

1. Tuliomba ruhusa, tukamwomba mzee akae pembeni yetu wakati wote. Maneno yake ya siri aliandika mwenyewe, sisi tuligeuza uso.

2. Mbele ya yote tulinakili vitabu vya hesabu juu ya flashi mpya, na tukaiweka pembeni. Flashi ile haikuingizwa fasi ingine mpaka ilipopimwa. Kama mambo yanaharibika, hesabu za watu zisipotee.

3. Tulitazama kama antivirusi inaishi. Windows 10 na 11 zina antivirusi yao ya bure, Microsoft Defender, katika «Sécurité Windows». Ile ya mzee ilikuwa imekaa muda mrefu bila chakula, sababu anaogopa kumaliza mega za intaneti. Antivirusi isiyopata habari mpya ni mlinzi asiyejua sura za wezi wa leo. Kwa mtu asiye na intaneti nyumbani, Microsoft wanatoa habari zile katika karatasi moja ya kupakua, inaitwa mpam-fe.exe, zaidi ya mega 100. Unaichukua mjini juu ya flashi safi, kutoka mtandao wa Microsoft wenyewe, si kwa mtu mwingine.

4. Tulifanya «Analyse complète». Usichague ile ya haraka tu. Ilidumu zaidi ya saa tatu, na tuliianza asubuhi wakati jua lina nguvu.

5. Kiisha tulifanya kipimo kile ambacho mashini inajizima na kuwaka tena na kupima mbele ya Windows kuanza. Kinachukua karibu dakika 15. Faida yake ni hii: virusi iliyolala haiwezi kujificha.

6. Tulifungula «Gestionnaire des tâches», fasi ya «Démarrage», kuona programu gani zinaamka pamoja na mashini. Tulisoma tena orodha ya programu zilizowekwa. Kila jina ambalo mzee hakulijua, tulilitafuta mbele ya kulitosha.

Hatukuongeza antivirusi ya pili, sababu mbili zinapigana na mashini inakuwa nzito. Na kama ukurasa wa intaneti unapiga kelele kwamba una virusi tano na upige telefoni fulani, ukurasa ule ndio uongo wenyewe. Ufunge.

TULICHOKIPATA

Tulipata virusi! Lakini ngojeni. Haikuwa ile ya barua. Ilikuwa ile ya flashi, ambayo wanafunzi wengi wanaijua: unafungula flashi, unakuta mafolda yamegeuka «raccourcis», yenye mshale mdogo. Virusi imeficha mafolda ya kweli na kuweka milango ya uongo. Ukibonyeza mlango ule, unaiamsha. Njia ya flashi ni ya zamani: Conficker, iliyoonekana Novemba 2008, nayo ilipita humo. Mzee anachapisha karatasi zake katika nyumba moja ya fotokopi mjini, na tunafikiri aliileta kutoka kule.

Hapa tunataka msikilize vizuri. Kama tungekuwa na haraka, tungesema: «Baba, tumeona virusi, kumbe yule mtu alisema kweli!» Na mzee angelipa. Kupata mavumbi ndani ya nyumba si kusema mwizi alipita. Virusi ile ya flashi tuliisoma jina lake: inajinakili na kuficha mafolda. Haina kamera, sababu kamera haiko. Tatizo mbili zinaweza kukutana siku moja bila kuwa ndugu.

Defender iliitosha. Mafolda ya flashi yake ya zamani yalibaki yamefichwa, basi tulifungula dirisha la amri na kuandika attrib -s -h -r /s /d E:\*.* ambapo E ni herufi ya flashi, nayo yote yalirudi. Mafolda hayakupotea, yalifichwa tu. Kwa hiyo msikubali mtu awaambie: «Tufute flashi yote», mbele ya kujaribu hivi.

Tuliona tena kwamba mashini ni ya Windows 10, ambayo tangu 14 Oktoba 2025 haipati matengenezo ya bure ya kawaida. Tulimwambia mzee aliseme jambo lile katika mkutano wa shirika. Mwisho, akabadili neno lake la siri, akaweka ule mlango wa pili kwa telefoni yake.

NENO LA MWISHO

Wakati wa kuagana, baba mkubwa alitushindikiza mpaka pwani ya pirogi. Pale alitueleza jambo ambalo hakumwambia hata mama mkubwa. Yeye hakuwa na dola 600. Alikuwa na minervali ya watoto wawili, haikutosha. Sanduku la shirika lilikuwa chini ya kitanda chake, na ndani yake feza za kahawa za watu mia moja na zaidi. Usiku wa Siku ya Tano alishika ufunguo wa sanduku lile mkononi mpaka jogoo kuwika. Alisema: «Nilikuwa najisemea kwamba nitakopa tu, nitarudisha.»

Mtu asiye na kosa, kwa sababu ya barua ya uongo, alikuwa karibu kufanya kosa la kweli. Na bitcoin ikiisha kutumwa, hakuna ofisi ya kuirudisha.

Wenzetu, wazee wetu wengi wana telefoni na ordinatere bila mtu wa kuwaonyesha. Mkiombwa, msicheke. Msisome barua zao zingine. Msiseme habari zao njiani. Kama tungeendelea kucheka jioni ile, mzee asingetuonyesha barua, na siku ya pili ingekuwa ingine.

Na wewe unayesoma, ukipata siku moja barua iliyotoka kwako mwenyewe, ikikuambia nyamaza na lipa, fanya kinyume: usilipe, na usinyamaze. Ita mtu mmoja unayemsadiki, aje atazame pamoja nawe. Labda atauliza tu: «Kamera iko wapi?»

Sisi wenu, kundi la ordinatere, kilasi ya sita.